Nyuzi Zilizolegezwa

Ilham alikuwa na majina mawili Zhanqian Road, mtaa wa maduka ya jumla mjini Guangzhou. Wafanyabiashara kutoka Dar es Salaam, Unguja na Nairobi walimwita mtoto wa Bi Safia, kwa kuwa mama yake ndiye aliyewatafutia nguo za watoto za jumla na kuhakikisha mizigo yao inafika salama bandarini Nansha. Wachina wenye maduka walimwita Binti Mfalme, na hawakuwa wanamtania. Ilham, Mzanzibari aliyeletwa Guangzhou akiwa bado anang'oka meno ya utoto, alikuwa mwimbaji wa opera ya Kikantoni. Katika kundi la Msufi Mwekundu, kila hadithi yenye binti wa mfalme, binti huyo alikuwa yeye.

Mambo yalianza kwa shida ya kawaida ya mama mfanyabiashara. Nyumba waliyopanga ilikuwa wilaya ya Haizhu, karibu na vichochoro vya Kangle, ambako cherehani hazinyamazi. Chini ya jengo lao palikuwa na chumba ambamo wenyeji wa mtaa walikutana kila Jumapili alasiri kupiga ala na kuimba vipande vya opera kwa raha zao. Bi Safia alikuwa na mzigo wa kupakia na hana pa kumwacha mtoto, basi akamwacha hapo chini kwa Sifu Au, mwanamke mwenye mgongo ulionyooka aliyewahi kuimba jukwaani, ambaye mtaa mzima ulimwita sifu, yaani mwalimu wa ufundi. Alichoomba mama ni mtoto aangaliwe tu. Mtoto akaangaliwa, akafundishwa, akapenda, akaenda chuo cha sanaa, akatoka huko akiwa mtu wa jukwaani.

Wapo waliosema. Mtoto wa Kiislamu, kupaka rangi usoni na kuimba hadithi za wafalme wa Kichina? Bi Safia aliwajibu kwa sentensi moja tu, kwamba mwanawe anafanya kazi, nao wafanye zao. Na kabla ya kila onyesho, wenzake walipochoma ubani kwa mungu wao mlinzi wa jukwaa, Ilham alisimama kando akasoma Fatiha yake kimyakimya. Hakuna aliyeona vibaya.

Binti mfalme haimbi kwa sauti anayoongelea. Huimba kwa sauti nyembamba ya juu, inayotoka kichwani, kama uzi wa hariri unaovutwa bila kukatika. Mpenzi wake wa jukwaani alikuwa Kam, mwanamke vilevile, aliyevaa viatu vya soli nene na kumwimba msomi kijana kwa sauti nzito ya kawaida. Katika opera hii mwanamke kuwa mwanamume si ajabu, mradi amefundwa. Lakini Ilham hakuwahi kuwaonea gere wanaume wa jukwaani. Alipokuwa juu kwenye ule uzi wake wa hariri, alijihisi hana uzito.

Ugonjwa ulijitangaza kwenye kola. Vazi la binti mfalme lilikataa kufunga shingoni, na Ilham akacheka akasingizia mapishi ya mama. Onyesho lililofuata likakataa tena, na safari hii hakucheka. Hospitali walimwambia ni saratani ya tezi ya shingo, imewahiwa, itatolewa, ataishi. Baada ya upasuaji daktari alikaa kitandani kwake akamweleza taratibu, kama mtu anayeteremsha kitu cha kioo. Uvimbe umetoka wote. Lakini mshipa wa fahamu mwembamba mno, ule unaozivuta nyuzi za sauti zipande juu, ulikuwa umegandamana na uvimbe, nao umejeruhiwa. Kuongea ataongea. Sauti za chini zitakuwa sawa. Za juu hawezi kumuahidi.

Wageni wakaja na matunda. Mjomba Mwadini, kaka yake Bi Safia, msafirishaji wa makontena na bingwa wa maneno, alikuja na asali ya Pemba na methali: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akaondoka yeye, wakaja wengine, na kila mmoja alikuja na koleo lake. Ilham aliisikia methali ile hadi akatamani amwone mhunzi mwenyewe, amuulize siku ile koleo lilipovunjika alikula nini na alilala vipi.

Maana yeye hakuwa anakula. Saratani iliondoka, vipimo vikawa safi, rangi ikarudi usoni, lakini chakula kilimkaa mdomoni kama karatasi. Alijifungia bafuni, akafungulia maji ili mama asisikie, akajaribu kupanda kwenye ile sauti ya juu. Kilichotoka kilikuwa pumzi tu. Bibi Mak, mkuu wa kundi, mwanamke asiyezungusha maneno, alimpigia simu akamwambia nafasi yake ya binti mfalme katika onyesho la vuli ipo, anamwekea. Aje sauti itakaporudi. Isiporudi, asije.

Ndipo Sifu Au alipopanda ngazi mwenyewe akamshika mkono akamteremsha chumba cha Jumapili.

Hapa inafaa kueleza adabu ya watu wa opera ile. Kwao mwimbaji hafuati ala. Ala ndizo zinazomfuata mwimbaji. Akiharakisha, wanaharakisha. Akisahau mstari, wanazunguka naye mpaka aukumbuke. Akikosea, wapigaji humfuata hadi ndani ya kosa lake, ili anayesikiliza asijue kama palikuwa na kosa. Kiongozi wa wapigaji wa mtaa ule alikuwa Bwana Lo, mstaafu mnene mpole, mwenye fidla ya nyuzi mbili anayoibana magotini. Alijivunia jambo moja tu maishani, kwamba hajawahi kumwacha mwimbaji peke yake.

Jumapili ile ya kwanza Ilham alisimama katikati ya chumba. Bwana Lo akaanza. Ilham akafungua mdomo na sauti ikatoka. Haikuwa nyepesi, haikuwa na mng'aro wake wa zamani, lakini ilifika kila ilipoambiwa ifike, mpaka pale juu kabisa ambapo binti mfalme analia. Wazee wakapiga makofi. Ilham akapanda ngazi mbilimbili, akala pilau, akaomba na ukoko.

Jumapili zikapita hivyo. Kuna siku alimwona mpiga filimbi ameshika filimbi ndefu kuliko aliyoizoea, akamuuliza, akajibiwa ile nyingine ina ufa. Kuna siku alihisi sauti yake inatokea kifuani badala ya kichwani, akajiambia ni kovu linalobana. Moyo ukilitaka jambo, masikio huwa mashahidi wa kununuliwa. Kiangazi kilipoisha alimpigia Bibi Mak. Bibi Mak akamuuliza mara moja tu kama sauti imerudi, naye akajibu imerudi.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa katika ukumbi wa kundi, na wapigaji wote wa jukwaani. Ilham aliingia kwa hatua ndogondogo za binti mfalme, Kam mbele yake, wote wakitabasamu kwa kuonana tena. Fidla zikaanza, na kuanzia sauti ya kwanza alihisi kama mtu aliyezoea ngazi za kwao, kisha akakuta zimeongezwa vidato. Alipanda. Akapanda tena. Pale juu, pa kilio, hapakuwa na kitu cha kushika. Sauti ilikatika, ikatoka ile pumzi ya bafuni, na wapigaji, kwa adabu yao, wakaizunguka mara moja, wakaizunguka mara ya pili, wakimngoja. Bibi Mak akainua mkono. Ala zikasimama.

Hakumgombeza. Alimwambia mbele ya wote kwamba nafasi ya binti mfalme anampa mwingine, na kwamba angeshukuru kama angeambiwa ukweli kwenye simu. Ilham akasema aliusema ukweli. Bibi Mak akamtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomchoma zaidi.

Ni Kam aliyemfumbua macho, walipokuwa nje wakingoja teksi. Alimuuliza kwa upole huko mtaani wanampigia wapi, juu au chini. Ilham akauliza kwa nini. Kwa sababu, Kam alisema, alivyokuwa anaingia kila mstari ni kama mtu aliyezoeshwa chini mno, chini kuliko mwimbaji yeyote wa binti mfalme. Ilham akaikumbuka filimbi ndefu, maana filimbi ikirefuka sauti yake hushuka.

Mama yake alikuwa sebuleni amekaa chini, akikunja gauni za sampuli. Ilham alibaki mlangoni na viatu vyake miguuni.

"Mama, wamekuwa wakinilegezea nyuzi. Ulijua?"

Bi Safia aliliweka gauni chini. "Nilijua. Sifu Au aliniambia Jumapili ile ile ya kwanza."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Siku ile ulipanda juu ukala, Ilham. Uliomba ukoko. Tangu hospitali nilikuwa napika namwaga, napika namwaga. Ulitaka nikwambie wakati una ukoko mdomoni?"

"Nimeaibika mbele ya kundi zima."

"Najua, mwanangu. Aibu hiyo nigawie, sehemu kubwa ni yangu." Akalivuta gauni lile mapajani. "Lakini usiniambie nijute kukuona unakula. Hilo siliwezi."

Ilham alivua viatu. Alikwenda chumbani akafunga mlango, na kwa siku kadhaa Bi Safia alirudi kupika na kumwaga.

Jumapili ilipofika alishuka. Hakushuka kuimba, alishuka kugombana. Chumba kilikuwa kimejaa harufu ya chai na mafuta ya kusugulia maungo ya wazee, na walipomwona uso wake hakuna aliyethubutu kumkaribisha kiti. Alimuuliza Bwana Lo mbele ya wenzake kama ni kweli.

Bwana Lo alikuwa akiitazama fidla yake. Alisema mara ya kwanza walishusha kidogo tu, wakidhani kila Jumapili watampandisha bila yeye kujua, kama anavyofundishwa mtoto kuendesha baiskeli huku umeishika kwa nyuma. Lakini hakupanda, basi wakashusha tena. Kisha wakaona haya kusema.

"Tulikuwa tunakufuata," alisema. "Ndiyo kazi yetu."

"Mlinifuata mpaka shimoni, Bwana Lo, na hamkuniambia kama ni shimo."

Mpiga filimbi, mzee mwembamba aliyekuwa amejificha nyuma ya kinanda cha nyuzi kinachopigwa kwa vijiti, alikiri kwa sauti ndogo kwamba ile ya zamani haina ufa wowote, hii ndefu aliinunua kwa ajili yake. Ilikuwa kauli ya kusikitisha, lakini namna alivyoikumbatia ile filimbi ilimfanya Ilham karibu acheke, na hasira yake ikapoteza mguu mmoja.

Akavuta pumzi. Akawaambia wapige pale pale walipokuwa wakimpigia, pa chini, asikie mwenyewe wamekuwa wakisikia nini.

Wakapiga, akaimba. Ila safari hii hakuwa anasikiliza kama amefika. Alikuwa anasikiliza anaimba nini. Na alisikia wazi. Hii haikuwa sauti ya binti mfalme iliyorudi. Ilikuwa sauti nyingine kabisa, pana, ya kifuani, iliyojibana na kujikunja ili ifanane na ile iliyoondoka, kama mtu mzima aliyejipenyeza kwenye nguo ya mtoto. Miezi yote hii alikuwa akiibana. Alimaliza ubeti, macho yamemjaa, akanyamaza.

Lakini wapigaji hawakunyamaza. Ubeti wa binti mfalme ukiisha hufuata jibu la msomi kijana, na Bwana Lo, kwa mazoea ya maisha yake yote, aliingia kwenye jibu hilo na kuanza kulizunguka, akingoja. Hapakuwa na wa kuliimba. Kawaida angeliimba Sifu Au, naye alikuwa amekaa ameduwaa. Fidla ikazunguka tena. Ilham alikuwa amesimama mbele ya maneno yale miaka mingi, usiku wa maonyesho na asubuhi za mazoezi, akiyapokea kutoka kwa Kam hadi akayajua kuliko yake. Akayatoa. Aliyatoa kwa sauti anayoongelea, bila kuibana, bila kuipandisha kichwani, na sauti ikatembea.

Ikatembea vizuri kiasi kwamba alikatisha katikati ya mstari.

"Kaza nyuzi," alimwambia Bwana Lo. "Pandisha mpaka pale pa jukwaani hasa. Na usinidanganye."

Bwana Lo alikaza. Mpiga filimbi akaiweka chini ile ndefu akachukua ya kawaida. Wakaanza upya, na Ilham akaimba jibu la msomi tangu mwanzo hadi mwisho mahali ambapo kila msomi wa opera huimbia. Ilikuwa na ukwaruzo. Mara mbili alikosa pumzi. Lakini haikukatika popote, na mwisho wa mstari, pale ambapo msomi anashusha sauti kama anayefunga mlango bila kumwamsha mtu, ilishuka ikakaa chini na uzito wake wote. Uzito ule ule aliokuwa akiukimbia maisha yake yote.

Hakuna aliyepiga makofi. Walimtazama Sifu Au, maana yeye ndiye sifu.

"Mikono," alisema Sifu Au.

"Mikono imefanya nini?"

"Ni ya binti. Na ulivyosimama, unaonekana kama mtu anayeogopa kumwaga chai." Kisha akaongeza kwamba hajui. Yeye hajawahi kuona mwimbaji wa nafasi za kike akihamia upande wa wanaume katika umri huo. Itabidi aanze kama mtoto, ajifunze kutembea, kuketi, kukasirika kiume, na kama haitafaulu atakuwa amepoteza miaka. Hakusema kwa ukali. Alisema kwa sababu miezi yote ile walikuwa wamemficha, na sasa aliogopa kumficha hata kidogo.

Ilham alimshukuru kwa hilo. Kesho yake alikwenda kwa Bibi Mak bila kupiga simu.

Bibi Mak alimsikiliza akiimba, mikono kifuani. Alipomaliza akamwambia ana Kam, hahitaji msomi mwingine.

"Sitaki nafasi ya Kam."

"Unataka ipi?"

"Yoyote yenye viatu vya soli nene."

Bibi Mak alijikuna kidevu. Kisha akamwambia katika onyesho la majira ya kuchipua kuna afisa kijana anayeleta habari kutoka mpakani. Anaingia, anaimba ubeti mmoja, anatoka. Watu hata hawamkumbuki. Atampa huyo. Lakini akikatika tena mbele ya watazamaji, basi itakuwa mwisho, na wala wasilaumiane.

Majira yale yote ya baridi yakawa ya kuanguka. Vile viatu vina soli nene kama matofali, nyeupe, na anayevivaa lazima atembee kama ardhi ni mali yake. Kam alimfundisha, akimcheka waziwazi, akimwambia anatembea kama Mzanzibari anayevuka barabara ya Guangzhou. Alianguka mbele, akaanguka nyuma. Bi Safia alimkanda magoti kwa mafuta ya karafuu na hakusema kitu, isipokuwa siku moja alipomwambia kwamba anakoroma kiume vilevile, kwa hiyo kazi inaendelea vizuri. Chumba cha Jumapili nacho kilibadilika. Bwana Lo alikuwa akimuuliza kila mara, kabla hajagusa uzi, waanzie wapi, na jibu lilipokuwa juu kuliko alivyopenda alikunja uso lakini alitii. Kuna Jumapili sauti ilikubali. Kuna Jumapili ilikataa, na waliokuwapo walimwambia imekataa, kisha wakanywa chai pamoja.

Sauti ya juu haikurudi. Wakati mwingine, akiwa anaosha vyombo, aliinyemelea bila kufikiri, akaikuta haipo, na ilimuuma kama kuita jina la mtu aliyehama. Lakini aliendelea kuosha vyombo.

Onyesho lilifanyika alasiri, kwenye jukwaa la wazi katika bustani ya mtaa, misufi ikiwa imechanua maua mekundu mazito yaliyokuwa yakianguka juu ya viti vya plastiki. Bi Safia alikaa mstari wa mbele na Sifu Au. Mjomba Mwadini alifika amechelewa kutoka Nansha, na nyuma yake wateja kadhaa aliowaburuta kutoka Zhanqian Road, wakiwa bado na mifuko ya sampuli mapajani. Mmoja wao, Njoki wa Nairobi, aliuliza kwa sauti kama kuna tafsiri, mjomba akamwambia afuate rangi za nguo tu.

Nyuma ya pazia, mwanamke wa mavazi alimchora Ilham nyusi nene zinazopanda, akamfunga mkanda mpana, akaivuta kola juu ya kovu la shingoni. Kola ilifunga. Ilham akaigusa kola kwa kidole. Aliwaza kwamba ubeti mmoja ni mrefu sana.

Ngoma zikaita. Akaingia.

Alivuka jukwaa kwa hatua pana, akageuka, na kwa nukta moja, kabla ya uzi wa kwanza kulia, aliwaona wote. Aliiona sura ya mama yake, iliyotulia kupita kiasi. Alimwona Mjomba Mwadini, kando ya mama, amesimama nusu, simu juu, akiwapiga picha wajakazi wa binti mfalme mmoja baada ya mwingine, shingo imemrefuka, akimtafuta mpwa wake miongoni mwa wanawake.

Fidla ikaanza pale pale pa jukwaani, nyuzi zimekazwa. Ilham akafungua mdomo. Sauti ikatoka nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwanzoni, kisha ikajinyoosha juu ya viti na juu ya mifuko ya sampuli hadi kwa watu waliosimama nyuma karibu na barabara. Mpiga fidla wa kundi aliinua kichwa, akamtazama, akamfuata.

Bi Safia alimshika kaka yake kiwiko. Taratibu, bila kuondoa macho jukwaani, akaugeuza mkono wenye simu kutoka kwa wajakazi hadi kwa afisa kijana mwenye viatu vyeupe. Mjomba alitazama kioo cha simu, akamtazama afisa, akatazama kioo tena, kisha akakaa chini mdomo wazi.

Ilham akavuta pumzi, akaingia mstari wa pili.